Mkoba wa ngozi, kamba na ufito wa shaba vya babu wa KAR: vilikuwa vya kazi gani?

Mjukuu wa Bombo

Salaam kwa wakubwa na wadogo.

Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) hapa hapa Bombo, Uganda. Juzi wazee wamefungua sanduku lake la chuma. Ndani hakuna bastola. Narudia: HAKUNA BASTOLA, msije mkaniletea polisi mlangoni. Vilivyomo ni hivi: mkoba wa ngozi ya kahawia wenye mfuniko mpana unaofungwa kwa kishikizo cha shaba, kijimfuko kidogo cha ngozi ileile, kamba nene ya khaki iliyosukwa yenye kitanzi, na ufito mwembamba wa shaba wenye tundu refu upande mmoja, mithili ya sindano ya kushonea magunia.

Mjomba anasema yote ni mapambo ya gwaride, hayana maana, ngozi apewe fundi viatu atengeneze soli za ndani. Mimi nimegoma. Naomba wanaojua wanieleze vilikuwa vya nini, ili nikirudi kwenye kikao cha ukoo niwe na la kusema.

Mpita Njia

Nimeweka mkeka. Wataalamu waje.

Afande Mstaafu

Kijana, mwambie mjomba wako kwamba jeshini hakuna uzito unaobebwa bure. Ukiona askari amebebeshwa kitu, ujue kuna mtu aliwahi kuumia kwa kukikosa.

Kamba hiyo ni ya bastola. Angalia bastola yoyote ya zamani ya jeshi la Mwingereza, Webley au Enfield, chini ya kitako utakuta pete ya chuma. Kamba inapita kwenye pete ile, na kitanzi kikubwa kinavaliwa shingoni au begani. Urefu wake si wa kubahatisha. Mkono ukinyooka wote kulenga, kamba inafika bila kuvuta. Ikiwa fupi inakupotezea shabaha, ikiwa ndefu inanasa kwenye matawi.

Kazi yake ni moja: usipoteze silaha. Umeanguka kutoka kwenye farasi, umevuka mto usiku, mtumbwi umepinduka, bastola inaning'inia nawe. Silaha ikipotea mkononi mwako, kesi yake inakuwa kubwa kuliko ya kushindwa vita. Wanaojua wanajua.

Mwalimu Busoga

Asante afande. Nina swali hapo kwenye shingo. Adui akiishika kamba si atakuvuta nayo kama mbuzi wa sokoni?

Afande Mstaafu

Atakuvuta ndiyo. Ndiyo maana wengi walipendelea kuipitisha begani chini ya kamba ya cheo badala ya shingoni. Walibishana humo humo jeshini kuhusu jambo hilo na wataendelea kubishana. Mimi ningeivaa begani.

Fundi Ngozi

Nimechelewa kidogo, nilikuwa na kazi ya tandiko la mtu. Mimi nashona na kufufua ngozi hapa Katwe, na vitu vya namna hii vinapita mikononi mwangu mara kwa mara, vingi vikiwa vimeshaharibiwa na mapenzi ya wenyewe. Nitaeleza kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Mkoba huo ni wa bastola. Tuanze na mfuniko, kwa sababu ndio watu wanaushangaa zaidi. Kwenye sinema mtu anachomoa bastola kufumba na kufumbua. Ukiwa na mkoba wa jeshi wenye mfuniko hutoi kitu kwa kufumba na kufumbua. Unafungua kishikizo, unainua ngozi, unapenyeza mkono, ndipo unavuta. Sasa jiulize kwa nini jeshi lilikubali ucheleweshaji huo kwa miaka mingi namna ile. Ni kwa sababu bastola ya afisa haikuwa ya kupigana kila saa. Ilikuwa inakaa kiunoni miezi, kwenye mvua, vumbi, tope, jasho la farasi, majani yenye umande hadi kifuani, kisha siku moja inatakiwa ifanye kazi kwa sekunde chache. Mfuniko ulikuwa unalinda miezi ile.

Bastola ya silinda ina nafasi nyembamba sana kati ya silinda na mtutu. Chembe za mchanga zikiingia pale, silinda inagoma kuzunguka. Nyundo ikikokota tawi, inaweza kurudi nyuma. Kifyatulio kikiguswa na kijiti, mguu wako ndio ulio karibu. Kwa hiyo ngozi ile nene inazuia maji na mchanga visiingie kwenye bastola, na inazuia bastola isimjeruhi aliyeibeba. Watu husahau hilo la pili.

Webley Mk VI, iliyopokelewa jeshini 1915, ina uzito wa zaidi ya kilo 1 na mtutu wa inchi 6. Ining'inize kwenye mshipi wa kawaida siku nzima uone suruali inavyoshuka. Ndiyo sababu ya ule ukanda mwembamba unaopita begani kwa mshazari, mnaouona kwenye picha za maafisa wa zamani. Unaitwa Sam Browne, kwa jina la afisa Mwingereza aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Mtu wa mkono mmoja hawezi kushika ala ya upanga huku akichomoa upanga, akabuni mshipi unaoshikilia kila kitu mahali pake. Bastola ikaja kunufaika na dhiki ya mtu mwingine.

Ufito wa shaba ni wa kusafishia mtutu. Lile tundu refu ni la kupitishia kitambaa chenye mafuta. Umetengenezwa kwa shaba kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma cha pua cha mtutu, haukwaruzi mifereji ya ndani. Na hicho kijimfuko ni cha risasi za akiba, bila shaka.

Mjukuu, geuza mkoba uangalie nyuma na ndani ya mfuniko. Kuna alama yoyote imegongwa?

Mjukuu wa Bombo

Kuna mshale mdogo, kama nyayo za kuku. Chini yake kuna maandishi yamefutika, naona herufi mbili tatu tu.

Fundi Ngozi

Nyayo za kuku hizo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Chini yake mara nyingi ni jina la kiwanda na mwaka. Usisugue kutafuta mwaka! Subiri jua la jioni, shika mkoba kwa ulalo ili mwanga upite juu ya ngozi kwa pembeni, herufi zitajitokeza zenyewe. Piga picha hapo hapo.

Binti Arua

Samahani kuingilia. Askari wa kawaida wa KAR walibeba bunduki, si bastola. Bastola ilikuwa ya maafisa, na maafisa karibu wote walikuwa Wazungu. Kwa hiyo babu wa Bombo aliupataje mkoba?

Afande Mstaafu

Swali la maana. Kila afisa alikuwa na askari wake wa kumhudumia. Huyo ndiye aliyekuwa anafua, anang'arisha viatu, anapaka mafuta ngozi na kupitisha ule ufito kwenye mtutu kila jioni. Afisa akihamishwa au akipewa kifaa kipya, cha zamani kinabaki kwa yule yule aliyekuwa anakitunza. Siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa babu huyu, ila njia hiyo ni ya kawaida sana. Njia nyingine: walikuwepo wenzetu Wanubi, wazawa wa askari waliotoka Sudan, waliopewa vyeo tangu mwanzo wa KAR, tangu 1902, na hapo Bombo ndipo nyumbani kwao.

Mjukuu wa Bombo

Sisi ni Wanubi. Bibi huwa anasema babu alikuwa "na bwana mkubwa mmoja" mpaka Burma.

Afande Mstaafu

Burma! Basi amepita kwenye bonde la Kabaw. Kikosi cha 4 cha KAR, yaani cha Uganda, kilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka bonde lile katikati ya masika ya 1944, mvua haikatiki, magari yanazama, nyumbu wanazama, na Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Hapo ndipo utajua kwa nini bastola inafunikwa.

Fundi Ngozi

Na hapo ndipo ngozi ilipopata aibu. Ngozi ikilowa kila siku bila kukauka inavimba, inaota kuvu, nyuzi za katani zinaoza kwenye mishono, kishikizo kinabaki mkononi. Majeshi yalishaanza kuhama. Waingereza walikuwa na vifaa vya mwaka 1937 vya turubai nzito la pamba, pamoja na mkoba wa bastola wa turubai hilo hilo. Unalowa, ndiyo, lakini unakauka. Haupendezi hata kidogo. Mimi mtu wa ngozi nakiri kwamba msituni turubai lina akili zaidi.

Kwa hiyo mkoba wa ngozi wenye mfuniko ukiwa bado mzima hadi leo, inawezekana sana haukwenda kwenye tope lile. Huenda ulibaki nyuma kambini, au ni wa kipindi kingine kabisa.

Mwalimu Busoga

Naomba nirudishe saa nyuma kidogo, maana uzi umeshakuwa wa bastola za kale za jeshi na hizo Webley kwangu ni za jana.

Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, alipofika kwa Kabaka Muteesa I wa Buganda mwaka 1862, kwenye zawadi zake kulikuwa na bunduki ya Whitworth, bastola ya silinda, karabini tatu, sanduku la baruti na risasi, na sanduku la fataki. Wanafunzi wangu wanauliza kila mwaka: sanduku zima la fataki la nini?

Hapa ndipo vifaa vya kulinda vinapoeleweka. Bastola ya wakati ule haikuwa na risasi ya kipande kimoja. Kila tundu la silinda lilijazwa baruti, kisha risasi ya duara ikashindiliwa, na nyuma yake ikachomekwa fataki, kile kikofia kidogo cha shaba nyekundu kinachopasuka kikipigwa na nyundo. Unyevu ukigusa fataki au baruti, bastola ya thamani yote ile inageuka rungu. Kwa hiyo kulikuwa na kasha la mbao lenye vyumba: chupa ya baruti, kikebe cha fataki, kalibu ya kumwagia risasi, chupa ya mafuta, ufunguo wa kufungulia chuchu, yaani vile vishina vidogo vinavyovalishwa fataki. Chupa ya baruti ilitengenezwa kwa shaba kwa sababu shaba haitoi cheche. Na mdomo wake una springi inayokata kipimo, usimimine baruti ya watu wawili.

Wengine walipaka mafuta mazito mbele ya kila tundu la silinda. Yalizuia maji, na yalisaidia ili moto wa tundu moja usirukie matundu jirani yakalipuka yote kwa pamoja mkononi.

Mpita Njia

Yalipuke yote sita mkononi?? Basi mimi nabaki na panga.

Fundi Ngozi

Mwalimu umenena. Ongeza na gumegume, zilizotangulia fataki. Zile zilikuwa na kipande cha chuma kinachogongwa na jiwe kutoa cheche. Askari alikuwa anavalisha chuma kile kikofia cha ngozi. Kikiwa kimevaa ngozi, hata jiwe likishuka kwa bahati mbaya hakuna cheche, hakuna mlio. Ni kipande cha ngozi cha ukubwa wa kidole gumba, sijui kimeokoa mapaja mangapi. Kisha kulikuwa na kipande kikubwa cha ngozi iliyopakwa mafuta cha kufunika mtambo mzima wakati wa mvua.

Bastola za wapanda farasi zilikaa mbili mbili mbele ya tandiko, kila moja kwenye ala yake ya ngozi, na juu ya ala kuna kifuniko kingine cha kitambaa au manyoya. Watu wa makumbusho Ulaya huonyesha vile vifuniko vilivyotariziwa dhahabu, mtazamaji akadhani ni fahari tu. Fahari ilikuwepo, ila chini ya tarizi kuna kazi ya kuzuia mvua isiingie mdomoni mwa ala.

Mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi, nao kwenye bastola nyingi za farasi ulifungwa kwa bawaba kwenye mtutu, usianguke ukiwa unashindilia huku farasi anatembea. Na za mabaharia zilikuwa na kulabu ya chuma ubavuni ya kuchomeka kwenye mshipi, huku sehemu nyingi zikiwa za shaba, maana chumvi ya bahari inakula chuma. Kofia ya shaba kwenye kitako inalinda mti usipasuke, na ukiishiwa baruti unampiga nayo mtu kichwani.

Binti Arua

Na kile kizibo cha kuziba mdomo wa mtutu? Niliwahi kukiona kwenye bunduki ya zamani, cha mti chenye kichwa cha shaba.

Afande Mstaafu

Hicho ni cha bunduki zaidi kuliko bastola. Kinazuia vumbi na maji. Bastola haikukihitaji sana kwa sababu mkoba umefunga chini. Ubaya wake ni kwamba mtu akikisahau akafyatua, mtutu unaweza kupasuka. Sikipendi.

Mwalimu Busoga

Wajerumani je? Vita ya 1914 ilipiganwa hapo Kagera, mpakani kwetu.

Fundi Ngozi

Mkoba wa Luger ya P08 kwangu ndio bora kuliko yote kwa ufundi. Jeshi lao la nchi kavu liliipokea bastola ile 1908. Ni bastola iliyobanana, vyuma vyake vimekaribiana mno, haipendi uchafu hata kidogo. Kwa hiyo wakaifungia kwenye ngozi ngumu iliyofinyangwa kwa umbo lake, mfuniko unashuka hadi katikati. Ubavuni kuna mfuko wa magazini ya akiba. Ndani ya mfuniko kuna kijifuko cha bisibisi ndogo ya kufungulia bastola. Kisha kuna utepe wa ngozi unaopita chini ya bastola: ukiuvuta, bastola inapanda yenyewe hadi mkononi. Wametatua tatizo la kuchelewa bila kuondoa mfuniko.

Mauser C96 nao walifanya maajabu. Mkoba wake ni wa mbao, na mbao ile ile unaichomeka nyuma ya mpini inakuwa kitako cha begani. Churchill aliibeba bastola ya aina hiyo Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kwa kuwa bega lake bovu halikumruhusu kutumia upanga. Ndiye huyo huyo aliyekuja kupita Uganda 1907.

Binti Arua

Kwa hiyo mjomba ameshindwa kesi.

Mjukuu wa Bombo

Ameshindwa, lakini sasa amebadilisha wimbo. Anasema basi tuupake mafuta ya ng'ombe na kiwi ya viatu ung'ae, tuufunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) tuuweke darini.

Fundi Ngozi

LA HASHA. Mzuie leo leo.

Sikiliza. Mkoba ulitengenezwa kulinda bastola safarini, ambako kila jioni kuna mtu anaufungua, anaufuta, anaupepea. Ukiuacha umefungwa miaka, unafanya kinyume. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti ina asidi ndani yake na inanyonya unyevu wa hewa kisha inaushikilia. Chuma kikikaa humo kinaota kutu upande ule ule ulioguswa na ngozi. Ndiyo maana wenye bastola za kale kihalali hawazilazi ndani ya mikoba yake. Bastola kwake, mkoba kwake.

Kwa wewe usiye na bastola, adui ni yule yule, unyevu. Kaveera inafungia unyevu ndani, dari la mabati linapika mchana na kupoa usiku. Kwa masika ya Bombo, mwaka hautaisha utakuta kuvu nyeupe.

Mafuta ya kupikia au ya ng'ombe yanaingia ndani ya ngozi, yanaichafua rangi, yanaoza, yanaita wadudu. Kiwi ina rangi na nta, inaziba alama ile ya nyayo za kuku ambayo ndiyo ushahidi wako. Kwenye kishikizo cha shaba utaona utando wa kijani unaonata, umetokana na mafuta ya ngozi kukutana na shaba. Utoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa na kitambaa kikavu. Usitumie dawa ya kung'arisha shaba, inaacha ukoko mweupe kwenye mishono na inatia ngozi doa lisilotoka.

Halafu fanya jaribio hili: pitisha kidole kisafi nyuma ya mkoba taratibu. Kikitoka na unga mwekundu?

Mjukuu wa Bombo

Nimefanya. Pembeni mwa mfuniko kuna unga kidogo wa rangi ya matofali. Kwingine safi.

Fundi Ngozi

Ngozi imeanza kuliwa na asidi pale. Haiponi, na mafuta yanaiharibu zaidi. Usikunje mfuniko pale tena, usifunge kishikizo, uache umelala wazi. Brashi laini ya rangi kwa vumbi, basi. Ndani jaza karatasi nyeupe tupu zilizokunjamana ili umbo lisianguke. Gazeti hapana, lina wino na lina asidi. Funika kwa shuka la pamba lililofuliwa bila manukato, weka kabatini chumba kinachopata hewa, mbali na ukuta wa nje.

Kamba usiifue. Ile khaki ikiingia maji inasinyaa na rangi inahama. Ufito wa shaba ufungie kwenye kitambaa chake peke yake, usiulaze kwenye ngozi.

Afande Mstaafu

Naongeza la usalama, maana uzi huu utasomwa na wengi. Ukifungua sanduku la babu ukakuta bastola yenyewe, usiiguse, usijaribu kuifungua, usiipakie kwenye boda kwenda kumwonyesha fundi Kampala. Ita polisi waje. Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inataka leseni, na "nilirithi" si leseni. Bastola ya miaka mia inaweza kuwa na risasi ndani ambayo bado ina uhai.

Na mkoba huo usiuvae mtaani hata kwa utani. Askari wa doria hatakuuliza ni wa mwaka gani.

Mwalimu Busoga

Kama ukoo utakubali, wapelekeeni picha watu wa Makumbusho ya Taifa pale Kitante. Makumbusho hayo yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala, yakahamia jengo la sasa 1954. Vitu vya askari wetu wa kawaida ni vichache kuliko vya watawala. Andikeni pia anachosema bibi kuhusu Burma, wakati bado anakumbuka. Mkoba bila maneno ya bibi ni mkoba tu.

Mpita Njia

Kuna jamaa soko la Owino, Kampala, anauza mikoba kama hiyo, anasema ni ya vita ya kwanza. Bei yake imenitoa jasho. Ni ya kweli?

Fundi Ngozi

Sijaiona, siwezi kuihukumu. Angalia mishono: uzi wa nailoni unang'aa na haukuwepo wakati huo. Angalia ndani: ya zamani imechakaa pale bastola ilipogusa, hasa chini ya mdomo wa mtutu na pembeni mwa silinda. Inayouzwa kama ya zamani mara nyingi imechakaa nje tu, ndani ni kama imetoka kiwandani jana. Nusa. Rangi ya chai na ya viatu ina harufu yake.

Mjukuu wa Bombo

Mjomba amesoma uzi wote, amenyamaza. Bibi ameomba mkoba ukae chumbani kwake. Swali la mwisho: vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu, vinafaa?

Fundi Ngozi

Vinafaa, ila ni vidogo na vingi vimeshachoka tangu dukani. Weka kadhaa, visiguse ngozi, uvibadilishe kila masika yanapoanza. Na mwambie bibi asiweke mkoba juu ya friji.

Mjukuu wa Bombo

Umejuaje kuhusu friji? 😂 Nauhamisha sasa hivi.